Neno Moja la Kiingereza, Kurasa Kumi na Tisa

Ninyi mnaoanza kazi ya kusimama kati ya daktari na mgonjwa mnazo kamusi nene, na wengi wenu mmefundishwa Kiingereza darasani. Mimi niliishia darasa la nane. Kamusi yangu ya kwanza niliinunua mnadani Tarime, panya wameila kuanzia herufi T hadi mwisho, na kwa miaka miwili nilikuwa nabahatisha maneno yote yanayoanza na W. Nilijifunza lugha ile kwa mpangilio, maneno matano kila siku, na sikwenda kwa la sita kabla ya kuyajaribu yale matano kwa mtu. Kwa hiyo nitakachowaeleza hakikutokana na uvivu wa kusoma. Nataka mlijue hilo mapema.

Niliajiriwa katika zahanati ya misheni upande wa Nyanungu kuwa karani wa kadi, na kwa kuwa nilijua Kikurya, Kiswahili na Kiingereza changu cha kamusi, nikawa pia mkalimani. Daktari tuliyemwita Daktari Kolin alikuja kutoka hospitali yao kila Jumanne na Ijumaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilitosha kusalimia na kuomba chai. Kilichobaki kilipitia kwangu.

Wiki yangu ya kwanza aliletwa mzee mmoja mwenye maumivu chini ya kitovu. Daktari akaniambia nimuulize kama leo ame-pass maji. Maneno yote ya swali lile niliyajua. Kamusi ilisema pass ni kupita.

"Mzee, leo umepita majini?" nikamuuliza.

"Nimepita. Mto umejaa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Nilisahau mbuzi ng'ambo, nikarudi."

Nikamweleza daktari: ndiyo, mara mbili, na maji yalikuwa mengi. Ya mbuzi nikayaacha kwa kuona hayahusiki. Daktari akaandika, kisha akaweka mkono kwenye tumbo la mzee, akasita. Tumbo lilikuwa gumu kama kibuyu. Akaniangalia, akaangalia kadi, akaweka mkono tena.

Pembeni, kwenye meza ya vidonda, alikuwapo dresa wetu, Mzee Salumu. Alikuwa mtu wa Pwani aliyekuja Tarime ujanani na jeshi la mkoloni, akaoa hapo, akabaki. Alicheka hadi akaweka koleo chini.

"Mwita, mwanangu," akasema, "huyu mzee hajakojoa tangu jana. Wewe umemvusha mto!"

Mzee akaingiziwa mpira wa kutolea mkojo, akapata nafuu, akatushukuru wote, hata mimi. Jioni Mzee Salumu alinipa daftari la kurasa thelathini na mbili. Aliniambia kwamba kamusi inamweleza mtu neno linapoketi nyumbani kwake, lakini mimi nahitaji kujua linatembea na nani. Niandike kila mara daktari anapolitumia, na nani alikuwa mbele yake, na nini kilifuata.

Nikaandika. Neno lile pass lilijaza kurasa kumi na tisa. Nilikuta kwamba mgonjwa ana-pass mkojo, ana-pass choo, ana-pass minyoo, na mara zote hizo Mkurya ana kitenzi chake, tena cha wazi kabisa, ambacho hakitajwi mbele ya wazee. Mtoto wa shule akiupita mtihani amefanya jambo hilohilo, na sisi tulishasema amepasi. Mtu akizimia, ni neno lile pamoja na kijineno kidogo nyuma yake. Akifa, ni neno lile pamoja na kijineno kingine, na Daktari Kolin alilitumia hilo la pili kwa sauti ya chini. Ugonjwa ukitoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ni hilo. Serikali ikitunga sheria, ni hilo. Kibali cha kusafirisha ng'ombe hadi mnadani, ni hilo. Njia inayokata kati ya vilima viwili, mpira unaotoka kwa kiungo kwenda kwa mshambuliaji, chumvi mezani, vyote hivyo. Pasi ya mkaa ya fundi cherehani sikuweza kujua kama ni ya ukoo huo, nikaiwekea alama ya kuuliza, na alama hiyo ipo hadi leo.

Mara moja daktari alimwambia mama mwenye mtoto mwenye homa kwamba it-will-pass. Alilisema haraka hivyo, kama neno moja. Niliduwaa. Nani ata-pass, homa au mtoto? Nikamuuliza kwanza, kabla ya kufungua kinywa kwa mama yule. Akaniambia homa, homa, bila shaka homa. Nikasema kwa Kikurya, "Itaisha." Hili ni jambo la kwanza ninalowausia: uliza kabla. Daktari atakasirika kidogo. Mwache akasirike.

Mengine nitayasema kwa ufupi maana mtayajua wenyewe. Simama nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili yeye na daktari watazamane. Usifupishe. Mgonjwa akisema mambo saba, peleka saba. Usiulize "tangu lini" kwa tarehe. Uliza kama ilianza kabla ya mnada au baada, kabla ya kukamua au baada. Akisema "tumbo", mwombe aweke mkono, kwa maana kwetu tumbo huanzia chini ya shingo. Mzee Salumu alikuwa akiniambia, "Kazi yako kupitisha, siyo kupika. Ukionja tu, umeshapika." Nilicheka na kuandika.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa tukiishi, maana bila hilo hamtaelewa.

Kabla ya vijiji, kila mzee alikuwa na mji wake kwenye kilima chake, na ng'ombe wake katikati. Mkwe alikuwa mbali. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja, hawaambiani jambo lolote la mwilini. Akikuona njiani anafunika kichwa na kuacha njia, nawe unaacha njia upande wa pili, hivyo njia yenyewe inabaki tupu. Na mama mkwe si yule mmoja aliyemzaa mkeo. Wake wenza wake ni mama wakwe zako, na dada zake, na wake wa ndugu za baba mkwe. Haya hiyo tunaiita insoni, na hatukuiona kuwa mzigo, kwa sababu vilima vilitusaidia kuibeba.

Kisha zikaja amri za kuhamia vijijini. Miji ikavunjwa, tukapangwa kwenye mistari iliyonyooka, hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango. Mwenye kamba ya kupimia hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Nyumba yangu ikaangukia ya nne, ya baba mkwe ikaangukia ya saba mstari uleule, na vyoo vyote vikachimbwa nyuma, wazi, kwa mpangilio. Mimi ambaye kutwa nilikuwa nawauliza watu kama wamekojoa, asubuhi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wangu nikisubiri mama mkwe aende kuchota maji ndipo nitoke. Mke wangu Bhoke alikuwa akichungulia na kuniambia, "Bado. Bado. Anafagia." Tulicheka. Ilikuwa ya kuchekesha kwa miezi ya kwanza.

Zahanati nayo ilihamishiwa kijijini. Hapo wakwe zangu wakaanza kuja kutibiwa.

Kwa wanawake wengine sikuwa na shida. Mwanamke asiye mkwe nilimuuliza alichotaka daktari, kwa maneno ya wastani, akajibu. Na kwa mambo ya ndani tulikuwa na muuguzi wetu, Sista Ghati, mwanamke mkali wa maneno, ambaye nilimwita, nikamwachia chumba. Lakini hakuwapo kila siku. Alipokuwa vijiji vingine na chanjo, na aliyeketi kwenye benchi akawa mkwe wangu, nilibuni njia. Mahali pa swali la mwilini niliweka swali jingine: "Mwili uko salama?" Hata mkwe anaweza kuulizwa hivyo, akiwa amegeuka. Jibu lake ni moja tu, salama. Nami nikampelekea daktari "hapana", kana kwamba aliulizwa na akakanusha.

Sikuiita kwa jina lake. Daftarini mwangu, kwa mwandiko mzuri, niliandika: namna ya kuuliza wakwe. Nilijiona nimetatua tatizo ambalo hakuna kamusi iliyolitatua. Miezi ikapita, wakwe wakaja na kuondoka, hakuna aliyedhurika nikajua.

Jumanne moja, wakati wa palizi, akaja Wankuru.

Wankuru alikuwa mke wa tatu wa baba mkwe wangu. Kwa umri alikuwa sawa na mke wangu, pengine mdogo kwake. Kwa daraja alikuwa mama mkwe wangu kamili. Baba mkwe alimsindikiza hadi nje ya zahanati, akakaa kwenye jiwe akitazama upande mwingine, kwa sababu na yeye na mimi tulikuwa na haya yetu. Sista Ghati alikuwa amepelekwa kwa baiskeli kuchanja surua, kurudi kesho. Mzee Salumu alikuwa amelala kwake na homa.

Aliingia taratibu, khanga imefunika kichwa na nusu ya uso, mkono umeshika ubavu wa kulia chini. Aliponiona akageukia ukuta wa dirisha. Mimi nikageukia ukuta wa kabati la dawa. Katika chumba kile mzungu peke yake ndiye aliyekuwa anatutazama.

"Anaumwa nini?" akauliza daktari.

Nikauliza kwa Kikurya, nikiliambia kabati.

"Tumbo," Wankuru akaliambia dirisha.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Ya mnada."

Hayo niliyapeleka sawasawa. Daktari akasogea karibu, akamwangalia macho kwa kuvuta kope, akaguna. Akaniambia, polepole maana alijua umuhimu wake, nimuulize kama ame-pass damu. Kisha, kama mwezi wake umekatika, na ni miezi mingapi.

Nataka hapa msome kwa makini. Nilimwelewa. Neno lile lilikuwa ukurasa wa nne wa daftari langu, mstari wa juu, na mbele yake nilikuwa nimeandika kitenzi cha Kikurya, kile cha wazi. Sikukosea maana. Kati ya watu wote wa wilaya nzima siku ile, hapakuwa na mtu aliyejua vizuri zaidi yangu daktari anauliza nini na linasemwaje kwa Kikurya. Kinywa ndicho kilichokataa. Nilihisi baba mkwe nje kwenye jiwe, umbali wa ukuta mmoja wa matope, masikio yake wazi.

"Mama," nikaliambia kabati, "mwili uko salama?"

Nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza jambo, kisha khanga ikachakarika.

"Salama," akasema.

"Hapana," nikamwambia daktari. "Na mwezi wake uko sawa."

"Una uhakika? Muulize tena. Mwambie ni muhimu sana."

"Mama, daktari anasema ni muhimu. Mwili uko salama kweli?"

"Mwambie uko salama. Ni tumbo tu."

Daktari alitaka ajilaze apapaswe. Nilitoka nje kama ilivyokuwa desturi, na Wankuru hakujifunua zaidi ya upana wa kiganja, kwa maana alijua bado niko nyuma ya mlango. Nilipoitwa tena, daktari alikuwa ameshaandika. Aliandika malaria, na pengine minyoo. Alitoa vidonge. Akasema kama maumivu yatazidi arudi Ijumaa, kisha akamtabasamia na kusema lile neno lake la haraka, kwamba it-will-pass.

"Anasema yataisha," nikamwambia Wankuru. Hilo nililitafsiri vizuri.

Alipofika mlangoni aliuliza kama atapata cheti. Kijijini mtu asiyekwenda shamba la ujamaa alitakiwa kuonyesha cheti cha zahanati cha kupumzika. Nikamuuliza daktari. Alitazama kadi, akasema kwa homa ndogo na tumbo, bila damu, hapana haja, akijisikia vibaya abaki nyumbani. Daktari hakujua kwamba kijijini kwetu mtu habaki nyumbani kwa kujisikia. Mimi nilijua. Nilikuwa nimechoka kukaa chumba kimoja na mkwe, nataka atoke, sikubishana.

Alhamisi asubuhi alianguka kwenye mstari wa palizi, jembe mkononi. Wanawake waliokuwa karibu walidhani ni jua. Walipomgeuza alikuwa mweupe midomoni. Walimbeba kwa kitanda cha kamba kuelekea zahanati na mimi niliwaona wakija, nikatoka na funguo, lakini walipofika nusu ya njia mmoja wao aliinua mkono, wakasimama, wakakiweka kitanda chini. Nilielewa. Nilirudi, nikafunga mlango, nikauliza nafsi yangu kwa Kiingereza sijui kwa nini, ame-pass?

Daktari alipokuja Ijumaa alitueleza Sista Ghati na mimi kilichowezekana kuwa kimetokea: mimba iliyokaa nje ya mahali pake, ikapasuka, damu ikamwagikia ndani. Alisema dalili huwa ni maumivu upande mmoja, mwezi kukatika, na damu kidogo nyeusi. Alisema kama angejua Jumanne angempakia garini palepale na kumpeleka kupasuliwa. Alitazama kadi muda mrefu. "Lakini alisema hapana," akasema. "Mara mbili nilimuuliza."

Sista Ghati aliniangalia. Mimi niliangalia kalamu yangu.

Tulikaa matanga Jumamosi. Wanaume tulikuwa upande mmoja wa nyumba, wanawake upande wa pili. Baba mkwe alinitumia salamu kupitia kwa ndugu yake, kwamba nimefanya niliyoweza, kwamba ninashukuriwa kwa kumpeleka mkewe kwa mzungu bila foleni. Wanaume waliitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Mkwe kama huyu ni bahati." Nikanywa uji wa wimbi nilioletewa.

Ndipo wanawake waliokaa wakainuka kumpisha mtu. Mama yake Bhoke, mama mkwe wangu wa kwanza, alivuka ua. Jina lake siliandiki hata sasa. Alivuka mpaka upande wa wanaume, akasimama mbele yangu, akashusha khanga mabegani. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso wake mzima. Ulikuwa na chale mbili ndogo juu ya shavu la kushoto.

"Mwita. Nitazame."

Wanaume wakaanza kusogeza vigoda. Mzee mmoja akasema, "Mama, mama, rudi, hujambo wewe?"

"Nitazame mimi."

Nikamtazama.

"Mke mwenzangu alikuja kwangu Jumatatu," akasema. "Akaniambia kila kitu. Nikamwambia nenda zahanati, mzungu atakuuliza, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Alikwenda na maneno yake tayari. Akarudi nayo. Nikamuuliza, ulimwambia? Akaniambia, sikuulizwa. Akasema, Mwita aliona haya, na mimi nikaona vibaya kumwaibisha." Akasogea hatua moja. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama mwili uko salama."

"Mzungu ndivyo alivyosema?"

"Hapana, mama."

"Alisemaje?"

Baba mkwe alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake, nami sikuweza kumwangalia.

"Niulize mimi," akasema mama mkwe. "Niko hapa. Haya imeshakwisha, umeiona sura yangu. Niulize alivyosema mzungu, neno kwa neno."

Nikamuuliza. Mbele ya baba mkwe, mbele ya wanaume wa ukoo wote, nilitumia kitenzi kile cha wazi. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ninavyomuuliza yeyote benchini. Nilishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi.

"Ndiyo," akasema. "Siku tatu. Kidogo kidogo, nyeusi."

"Mwezi umekatika?"

"Ndiyo. Miwili."

"Maumivu upande upi?"

"Kulia. Alishindwa kulalia." Kisha akaniambia, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akapandisha khanga yake, akarudi kwa wanawake. Hakunena nami tena mpaka alipozikwa, miaka mingi baadaye.

Jumanne nilimsubiri daktari mlangoni kabla hajashuka garini. Nikamweleza yote: swali lake, swali langu, jibu la Wankuru, na ile "hapana" niliyoitengeneza mwenyewe. Nikamweleza insoni ni nini, kwa Kiingereza changu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ikielezwa kwa lugha ile inakuwa kitu kidogo sana, cha mistari miwili. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimeshasafisha meza.

Aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Alivua miwani. Kisha akauliza swali moja, na halikuwa lile nililojiandaa nalo.

"Wengine ni akina nani?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Alitaka kujua ni wangapi niliowauliza kama mwili uko salama.

Nilichukua rejista ya wagonjwa nikaanza tulipohamia kijijini. Nilipitia jina baada ya jina, kwa mpangilio, kama nilivyozoea kufanya kazi zote. Mzee Salumu, ambaye alikuwa amepata nafuu, alikaa kando yangu akishikilia rula chini ya kila mstari. Hakunilaumu, wala hakunifariji. Kila tulipofika jina la mkwe alisema, "Huyu?" na mimi nikasema ndiyo au hapana. Tulipata wanawake kumi na mmoja, mbali na Wankuru.

Daktari alinibakiza kazini kwa sharti kwamba tuwafuate wote. Tulikwenda na Sista Ghati, yeye akiuliza, mimi nikisimama pale pale nikisikia, kwa sababu alisema nisikie. Wa kwanza hadi wa tano walikuwa wazima. Wa sita alikuwa na kidonda cha ndani cha mwaka mzima, alichodhani ni cha kawaida kwa sababu zahanati ilimwambia hana kitu. Alitibiwa, akapona, lakini hakuzaa tena. Wa saba na wa nane walikuwa wazima. Wa tisa alikuwa amefariki kabla ya mvua, na nyumbani kwake walisema ni tumbo, hawakujua zaidi. Nikaandika tumbo.

Wa kumi, mume wake alikuwa ametoroka amri ya kijiji na kuhamisha ng'ombe hadi Mbalibali. Tulimpata huko baada ya siku mbili za kuuliza. Alikuwa anapura mtama. Alimjibu Sista Ghati maswali yote huku anaendelea na kazi, kisha akanitazama, akasema, "Na wewe leo una masikio?" Alikuwa mzima.

Wa kumi na moja kwenye rejista ameandikwa kwa jina la mume wake, mke wa Marwa, na kijijini walikuwapo akina Marwa wengi. Nyumba yao ilikuwa imeshavunjwa. Jirani mmoja alisema walivuka kwenda Kenya kwa njia ya Sirari. Mwingine alisema walirudi kilimani. Kwenye kadi yake kuna maumivu ya tumbo, upande wa kulia, tangu siku mbili. Na chini yake, kwa mwandiko wa daktari, kuna neno nililompa: hapana.

Nilifanya kazi ile miaka mingine ishirini na mbili. Niliuliza kila swali kama lilivyoulizwa, wakwe na wasio wakwe, na wapo wasionisalimia kwa ajili hiyo. Kila nilipofika soko la Sirari niliuliza mke wa Marwa, wa upande wa Nyanungu, aliyeumwa tumbo. Bado nauliza.